Jinsi ya kuigiza sini ya mapenzi inayochekesha huku inauma

Tuchukue sini, yaani tukio moja la filamu, ya kurasa mbili za skripti, sawa na kama dakika mbili kwenye skrini. Wapenzi walioachana wanagawana vyombo. Mwanamume amefuata boksi lake la mwisho, mara ugomvi unazuka juu ya kikaango. Kikaango chenyewe hakuna anayekitaka. Wote wawili wanaficha jambo, na wewe mwigizaji kazi yako ni kulificha vizuri.

Hatua ya 1: Andika anachotaka mhusika

Tumia kitenzi. "Ana huzuni" haiigiziki. "Anataka aombwe abaki" inaigizika. Chini yake andika kinachomzuia: hataki kuwa wa kwanza kusema. Kisha pitia skripti na penseli, uchore mstari kila mhusika anapobadili mbinu: hapa anatania, hapa anachokoza, hapa anabembeleza. Kurasa mbili zikikupa vipande vinne hadi sita, inatosha. Ukipata kumi na tano, utaonekana unarukaruka.

Hatua ya 2: Someni kwa sauti kavu

Mara tatu, mmekaa mnatazamana, bila kutia hisia. Anayekariri peke yake hukariri maneno pamoja na mkazo wake, na siku ya kurekodi anaijibu sauti iliyo kichwani mwake badala ya mwenzake aliye mbele yake.

Hatua ya 3: Kichekesho kisemwe kwa uzito

— Kikaango nilinunua mimi.
— Kichukue.
— Na mfuniko?

Swali la mfuniko linachekesha pale tu mwanamume anapoliuliza kana kwamba maisha yake yote yanautegemea mfuniko huo. Ukitabasamu nusu sekunde kabla, umeshamtangazia mtazamaji kwamba utani unakuja, na hacheki tena. Usilitilie mkazo neno "mfuniko". Liseme kama unavyouliza saa. Waliotoka jukwaani wana kosa lao hapa: husimama kusubiri kicheko. Mbele ya kamera hakuna wa kucheka, na urefu wa kimya utaamuliwa na mhariri. Mpe teki (rekodi moja ya sini) ya harakaharaka na nyingine yenye kimya cha sekunde mbili kabla ya swali, achague mwenyewe.

Hatua ya 4: Geuza kuelekea maumivu

Hapa ndipo sini nyingi zinapoharibika. Mwigizaji anajua kilio kiko ukurasa wa pili, basi anaanza kulegeza sauti sentensi tatu kabla. Mhusika hajui kinachokuja! Ipe mikono kazi: mwanamke anakifunga kikaango kwa gazeti, kunjo baada ya kunjo, huku akijibu. Mwanamume anaposema, "Bado unapikia watu wawili?", mikono inasimama. Asifanye lolote lingine. Kisha anaendelea kufunga, polepole zaidi, na anajibu akiwa anatazama gazeti. Machozi yakija, ajitahidi kuyazuia, maana anayejizuia kulia humliza mtazamaji kuliko anayekamua uso.

Hatua ya 5: Igiza kulingana na shoti

Mara nyingi shoti pana, ile inayoonyesha wahusika wote na mahali walipo, hutangulia. Usimalize machozi yote hapo, ila miendo iwe kamili: kama ulishika kikaango kwenye neno "nilinunua", kishike kwenye neno hilohilo katika kila teki, la sivyo shoti hazitaungana.

Shoti ya karibu, ile ya uso tu, ikifika, tazama jicho moja tu la mwenzako, lile lililo karibu na kamera. Ukirukia la pili na kurudi, kwenye skrini macho yanaonekana kama yana wasiwasi. Msipandiane maneno, isipokuwa mwongozaji ametaka hivyo, kwa sababu sauti zilizopandana ni taabu kuzikata. Na kamera ikiwa kwa mwenzako, mpe uigizaji wako wote ingawa huonekani. Kinachorekodiwa hapo ni jinsi anavyokusikiliza.

Busu, kama lipo

Lipangeni kama ngumi za filamu: nani anaanza, mkono unakaa wapi, sekunde ngapi, nani anaachia. Mkubaliane kabla, mwongozaji akiwepo, na msiongeze kitu kamera ikishawaka.

Hatua ya 6: Kagua

Tazameni zoezi lililorekodiwa kwa simu bila sauti. Mtu asiyeijua hadithi aweze kuonyesha kwa kidole pale utani ulipokwisha. Akishindwa, rudini Hatua ya 4, mwangalie mikono.