Mazoea Madogo Yanayotuliza Nyumba: Mwongozo kwa Wakazi wa Nakuru

Anayetaka nyumba yenye utaratibu hapa Nakuru hana budi kuanza na vumbi. Udongo wa sehemu kubwa ya mji wetu umetokana na majivu ya volkeno. Ni laini, ni mwepesi, na katika miezi ya Januari na Februari, kabla ya mvua ndefu kuanza mnamo Machi, hupeperushwa na upepo kidogo tu ukapenya ndani hata madirisha yakiwa yamefungwa. Wengi wetu ni wapangaji, iwe Kaptembwo, Free Area, Lanet au Section 58, na hatuna uwezo wa kuongeza chumba wala kuweka saruji uani. Tulicho nacho ni saa zetu na mikono ya walio nyumbani. Kwa hivyo nashikilia jambo moja katika maelezo haya: nyumba hutulia pale kazi ndogo zisipolazwa hadi kesho. Sinia moja chafu halimsumbui mtu. Kinachomsumbua ni sinia la jana kukutana na sufuria ya uji wa leo saa kumi na moja unusu asubuhi, huku mtoto mmoja akitafuta soksi na mwingine akidai pesa za mtihani.

Mlangoni

Vumbi hupunguzwa mlangoni kabla halijafika kitandani. Kunja gunia mara mbili, ulilaze nje ya kizingiti, na ndani ya mlango uweke rafu ndogo ya viatu, hata kama ni mbao mbili zilizowekwa juu ya matofali. Kila aingiaye avue viatu na kuvaa malapa ya ndani. Watoto watasahau kwa wiki ya kwanza. Wakumbushe kwa sauti ya kawaida, uwarudishe mlangoni, wala usivipange viatu hivyo wewe mwenyewe. Isipokuwa mgeni wa heshima. Mzee akibisha hodi, au mkwe akija kuwasalimu, haifai kumwinamisha mlangoni afungue kamba za viatu. Mkaribishe ndani na viatu vyake, mpe kiti, na akishaondoka upitishe kitambaa chenye unyevu alipokanyaga. Utaratibu unaomwaibisha mgeni hauna faida kwa nyumba yoyote.

Kufagia kukavu katika kiangazi ni kuhamisha vumbi kutoka sakafuni kulipeleka juu ya kabati. Nyunyiza maji kwa vidole kabla ya kufagia, au pitisha fagio lililochovywa na kukung'utwa vizuri, kisha upige deki kwa kitambaa kilichokamuliwa. Anza kupangusa juu ndipo ushuke chini: kingo za dirisha, meza, miguu ya viti, halafu sakafu. Fanya hivyo asubuhi mapema hewa ikiwa imetulia. Ukishamaliza, fungua madirisha kwa muda nyumba ipate hewa, na uyafunge kabla ya upepo wa mchana.

Saa moja jioni hadi saa tatu

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, na ndipo ninapoomba msomaji anifuate kwa makini. Nyumba ya asubuhi hutengenezwa jioni. Katika nyumba nyingi taarifa ya habari ya Kiswahili ya saa moja ndiyo saa ya ukutani: kila mtu huwa amefika, chakula kiko motoni au kiko karibu. Tumia alama hiyo iliyokwisha kuwepo. Taarifa inapoisha, kila mmoja ainuke na vitu vyake vilivyo sebuleni, yaani sweta, vitabu, kikombe cha chai na chaja, na avirudishe mahali pake. Kazi hiyo haihitaji hata dakika kumi watu wakiwa wanne. Akiachiwa mama peke yake, itamla nusu saa na kumharibia furaha ya chakula.

Baada ya kula, sufuria ya ugali ndiyo inayopima nyumba. Ikiachwa jikoni usiku kucha bila maji, ukoko hukauka na kushika kama gundi, na asubuhi utausugua kwa waya hadi mikono iume. Mara tu ugali unapopakuliwa, mimina maji baridi kwenye sufuria hadi yafunike ukoko, uiweke kando, kisha mwende mezani. Mtakapomaliza kula, ukoko utakuwa umelainika na mwiko wa mbao utautoa kwa mikwaruzo michache. Usiumimine kwenye sinki, maana unga ukiganda kwenye bomba la kutolea maji utaleta shida nyingine. Uchote na uutie kwenye ndoo ya mabaki, au uwape kuku ikiwa mnafuga. Vyombo vyenye mafuta vioshwe mwisho, kwa maji ya moto, ili maji ya kwanza yatoshe vikombe na sahani. Hapa kwetu maji huja kwa zamu katika mitaa mingi, na mpangilio huu wa kuosha unaweza kuwaachia beseni zima la maji ya kupigia deki.

Vyombo vikishapangwa kichwa chini, futa meko na meza, kunja kitambaa, ukianike. Kitambaa kilichoachwa kimelowa kwenye sinki hunuka kufikia asubuhi, na harufu hiyo huifanya nyumba nzima ionekane chafu hata ikiwa imefagiwa. Kisha funga mtungi wa gesi kwenye kichwa chake, hata kama meko yenyewe yamezimwa. Tena Nakuru iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai ni wa baridi kali, kwa hivyo wapo wanaoingiza jiko la makaa chumbani ili walale kwenye joto. Nasema hili bila kupunguza neno: usilifanye kamwe. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Jiko libaki nje, na blanketi moja iongezwe kitandani.

Kinachobaki ni asubuhi ya kesho. Sare ipigwe pasi jioni, ikiwezekana ya wiki nzima siku ya Jumapili alasiri, kwa sababu stima ikipotea saa kumi na mbili asubuhi hakuna wa kumlaumu wala muda wa kungoja. Angalia salio la tokeni kabla ya kulala. Soksi na nguo za ndani kila mtoto afue za kwake anapooga, azianike. Kuzingoja hadi Jumamosi ndiko kunakozalisha rundo la nguo linalomkatisha mtu tamaa. Begi lifungwe usiku, likiwa na vitabu pamoja na vifaa vya kazi ya darasani. Mtaala wa sasa huwaagiza watoto kubeba mara katoni, mara mbegu, mara vitambaa, na ni afadhali kuuliza saa mbili usiku kuliko kugundua saa kumi na mbili asubuhi wakati duka la jirani halijafunguliwa. Begi liwekwe karibu na rafu ya viatu, na tochi au taa ya kuchaji ikae hapo hapo, mahali ambapo mkono utaifikia gizani.

Mgao wa kazi

Mtoto wa miaka minne anaweza kupanga viatu na kutia nguo chafu kapuni. Wa miaka saba anaweza kufuta meza na kuchambua mchele. Wa kumi na zaidi anaweza kuosha vyombo, mvulana sawasawa na msichana. Wazazi wengine bado huwapa wasichana jikoni na kuwaachia wavulana runinga, na baadaye hushangaa kwamba kijana aliyekwenda chuoni hajui kuosha shati lake. Mpe mtoto kazi ileile kila siku, si kazi tofauti kila anapoonekana amekaa, kwa sababu kazi inayojulikana huisha bila ugomvi. Asifu kazi iliyofanyika, na ikiwa sahani imebaki na mafuta mwite taratibu aioshe tena, bila kumlinganisha na ndugu yake.

Ikiwa mna dada wa kazi, keti naye siku ya kwanza mkubaliane kila kitu kinakaa wapi, naye akuoneshe njia zake, maana huenda akawa na utaratibu bora kuliko wenu. Kuwepo kwake kusiwe sababu ya watoto kuvua viatu popote. Naye pia anahitaji jioni yenye mwisho.

Maji yawe na majina

Mitungi ya lita 20 hufanana, na mahali pasipo na alama maji ya kunywa huishia kwenye choo na maji ya mvua kutoka kwenye paa lenye vumbi huishia kwenye birika. Funga kitambaa cha rangi kwenye mkono wa kila mtungi, au upake alama ya rangi: huu wa kunywa na kupikia, huu wa kufulia, huu wa choo. Mtungi wa kunywa uwe na mdomo mwembamba na kifuniko, ili kikombe na vidole visiingie, na ukae mbali na jua kwa sababu mwanga huotesha utelezi wa kijani. Utelezi huo ukianza, tia kokoto safi chache, sabuni na maji kidogo, utikise kwa nguvu, kisha usuuze hadi povu liishe.

Kuna jambo la ziada ambalo wakazi wa Nakuru wanapaswa kulijua. Maji ya visima vingi vya eneo letu yana madini mengi ya floraidi kutokana na miamba ya Bonde la Ufa, nayo ndiyo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani limependekeza kiwango kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha huua viini lakini hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, madini hayo hubaki yote. Vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo Dayosisi Katoliki ya Nakuru imekuwa miongoni mwa waliovitengeneza, huipunguza. Nyumba yenye watoto wadogo inayotegemea kisima ingefaa itenge maji ya kunywa ya mvua yaliyovunwa vizuri na kuchemshwa, au maji yaliyochujwa hivyo, na yale ya kisima yatumike kwa kufua na kuosha.

Soko na kabati

Ukirudi kutoka Soko la Wakulima, usiache mifuko sakafuni hata kama umechoka. Viazi vikae gizani penye hewa, vitunguu mbali na viazi, maana vikilundikwa pamoja huota na kuoza haraka. Sukuma wiki ichambuliwe siku hiyo hiyo. Unga wa mahindi uhamishiwe kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, na unga wa zamani uishe kabla ya ule mpya kumiminwa juu yake.

Makaratasi

Vyeti vya kuzaliwa, kijitabu cha kliniki cha mtoto, mkataba wa nyumba, risiti za karo na za kodi viwe katika jalada moja la plastiki, mahali pa juu pakavu, na watu wazima wote wa nyumba wapajue. Karatasi yoyote iingiayo nyumbani isilale mezani: isomwe, iwekwe jaladani au itupwe. Nimeona familia zikizozana usiku wa manane zikitafuta kijitabu cha kliniki ilhali mtoto ana homa, na ugomvi huo haukuwa na sababu nyingine.

Sauti

Utulivu husikika pia. Katika ploti kuta ni nyembamba, na redio ya jirani hatuimiliki, lakini yetu tunaimiliki. Runinga izimwe wakati wa kula na isiwashwe tena hadi vyombo viishe. Simu zichajiwe sebuleni, zisiingie vyumbani na watoto. Anayemtaka mwenzake aende alipo badala ya kumwita kwa sauti kutoka jikoni; tabia hii moja hubadilisha nyumba kuliko nyingine nyingi, kwa sababu mtu aliyepaziwa sauti hujibu kwa kupaza yake.

Jinsi ya kuanza, na siku za taabu

Usiyaanze yote Jumatatu moja. Chagua moja tu, na ningependekeza sufuria ya ugali au viatu mlangoni, ulishike hadi liwe halihitaji kukumbushwa, ndipo uongeze la pili. Ambatanisha kila zoea jipya na jambo ambalo tayari mnalifanya, kama nilivyosema kuhusu taarifa ya habari.

Zipo siku ambazo haya yote hayatawezekana: mtoto ni mgonjwa, kuna msiba nyumbani kwa shemeji, au umetoka zamu ya usiku. Siku hizo shika matatu tu. Loweka sufuria, jaza mtungi wa maji ya kunywa, funga gesi. Sakafu na nguo zingoje, na jirani akija kukupa pole, umpishe kitini kwa kusogeza nguo pembeni, mketi mzungumze.