Kasha la kale lisiingie sebuleni siku hiyohiyo

Wenzangu mnaopamba nyumba kwa kuchanganya vya kale na vipya: ukinunua kasha la Kizanzibari lenye misumari ya shaba, usilipeleke kwa mteja kesho yake. Lipanguse vizuri, ulitandikie karatasi nyeusi chini, uliache stoo wiki tatu hivi bila kulisogeza. Ukikuta vumbi jipya laini kama unga, wadudu bado wamo wanatafuna, na wanaweza kuhamia kwenye fremu ya sofa jipya. Matundu kwenye mbao peke yake si ushahidi, huenda wadudu waliondoka zamani. Ndiyo maana unapangusa kwanza: mtikisiko wa gari nao hudondosha vumbi la kale.

Mimi niliruka hatua hii kwenye kabati moja. Nikarudisha pesa ya mteja, kabati ninalo mpaka leo.

Halafu fundi asipige msasa wa mashine. Ule ung'avu mweusi ulioachwa na mikono ya watu pembeni mwa kifuniko ndio mteja anaolipia. Na kwenye ankara, gharama ya matengenezo iandike mbali na bei ya kasha, la sivyo utaambiwa umepandisha.