Mutoto amepata homa nyuma ya chanjo? Usikose siku ya kilo yenye inakuja

Kila siku ya kilo (siku ya kupima na kuchanja batoto) huku Katindo, mu Goma, unasikia mama moja anasema "mimi sirudi tena, balimudunga akalala na homa usiku muzima". Namuelewa, wa kwangu alilia mupaka majirani bakagonga mulango. Lakini ile homa ni mwili iko kazini.

Ndani ya sindano muna mikrobe yenye imeuliwa, ao imezoofishwa, ao kipande yake tu. Askari za damu zinaiona, zinapigana (homa inatoka hapo), zinatengeneza antikore za kuikamata, na zingine zinabaki zimeshika sura yake. Inaomba kama juma mbili. Siku surua ya kweli inafika ni kama mwizi anapita ku bariere kwenye banamujua, hakuna tena kumuuliza jina.

Sasa fanya hivi. Akizaliwa tu, BCG ya kifua kikuu na matone ya polio mu kinywa. Kisha juma 6, 10 na 14, penta, yenye inakinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, hepatiti B na meninjite ya mikrobe yenye banaita Hib. Mara tatu juu ile ya kwanza askari zinajifunza kidogo tu, zenye zinafuata njo zinakamatisha. Umekosa moja juu ya kukimbia vita? Enda vile vile, bataendelea pale ulifikia, habaanze upya.

Surua banangoja miezi 9, na ba mama banafikiri ni uvivu ya ba infirmye, kumbe mama alipatia mutoto antikore zake mu tumbo, na zikiwa zingali nyingi zinaua chanjo mbele mwili ijifunze kitu.

Kidonda ya BCG ku mukono ikitoa usaha kisha juma kadhaa, acha. Osha na maji tu, hapana kolgate, hapana majani ya bibi!

Homa nayo: nyonyesha sana, punguza manguo, parasetamoli kwa kilo yake vile infirmye alikuonyesha. Ikipita siku mbili, ao anakataa titi, ao anashtuka-shtuka, mukimbize ku sentre ya afya.

Na fishi ya chanjo weka mu sashe pamoja na kadi ya kura. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipotapika tulikimbilia Sake, sufuria nilibeba, fishi ikabaki chini ya godoro.