Somo: Pasheni inachanua lakini haizai? Mrudishe nyuki seremala shambani

Lalamiko la wakulima wa pasheni ya njano huku Muheza, Tanga, ni lilelile: maua yamejaa, matunda ya kuhesabu kwa vidole. Wengi wanakimbilia booster, yaani mbolea ya kupuliza kwenye majani. Mimi huuliza kwanza kama wamemwona yule nyuki mkubwa mweusi anayevuma kama pikipiki na kutoboa mbao. Huyo ndiye nyuki seremala, nyuki wa porini. Hana mzinga wala malkia. Jike huchimba tundu lake mwenyewe na kulea humo.

Ua la pasheni ni kubwa. Vifuko vya chavua vimening'inia vikitazama chini, na vile vichwa vitatu vya kupokea chavua viko juu yake. Nyuki wa asali hupita chini kwa chini, akajichotea na kuondoka bila kugusa panapotakiwa. Seremala akiinama kunywa mbochi (maji matamu ya ua), mgongo wake wote unapakwa chavua, na mgongo huohuo unaifikisha kwenye mche mwingine. Lazima uwe mwingine, kwa sababu pasheni ya njano haishiki mimba kwa chavua ya mche uleule. Ukipanda vipandikizi vya mama mmoja shamba zima, umejifunga mwenyewe.

Hatua ya 1: Kaa uhesabu. Ua la njano hufunguka karibu saa 6 mchana, likafunga jioni, basi. Kaa kivulini saa 7 hadi saa 9 uone nani anakuja. Tazama na vile vichwa vitatu: baada ya kufunguka hupinda kushuka. Ua ambalo vimebaki wima halitazaa, usimlaumu nyuki.

Hatua ya 2: Makazi. Hapa ndipo tunapokosea. Seremala hutaka mti mkavu, mlaini, usiopakwa rangi, na sisi tunapenda shamba "safi". Mwaka mmoja nilikata milingoti yote ya mkonge iliyokauka mpakani, nikapikia maharage. Nilipopasua mmoja nikakuta vyumba vimepangwa kwa mstari, kila kimoja kina donge la chavua la manjano na funza mweupe juu yake, ukuta wa katikati ni unga wa mbao uliogandishwa. Msimu uliofuata nilichavusha kwa vidole, ua kwa ua, na mgongo ukaniuma kweli.

Sasa milingoti naiacha imesimama. Ukiwa huna mkonge, kata mianzi mikavu yenye tundu la sentimita 1.5 hivi, kila kipande kifungwe na pingili upande mmoja. Funga kumi kumi, laza chini ya paa la kibanda, mvua isipige.

Hatua ya 3: Chakula. Pasheni ikipumzika nyuki hawapumziki. Panda mbaazi au marejea (mmea wa jamii ya kunde) mpakani.

Hatua ya 4: Dawa. Usipulize mchana maua yakiwa wazi. Subiri jioni yafunge, na soma lebo: dawa zenye imidakloprid huingia ndani ya mmea hadi kwenye mbochi, kwa hiyo kupuliza jioni hakutoshi. Umoja wa Ulaya ulizizuia mashamba ya wazi mwaka 2018.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, hawa wametoboa kenchi za nyumba yangu. Niwalinde tena?*
Paka kenchi rangi au vanishi, hawapendi. Lakini subiri waliomo watoke, ndipo uzibe matundu, na uwe umewawekea mianzi jirani.

*Wanauma? Nina watoto wadogo.*
Jike huuma ukimshika au ukimkanyaga. Anayekuja usoni kukutazama mara nyingi ni dume analinda eneo lake, na dume hana mwiba. Vitisho vitupu.

*Nimetundika mianzi miezi mitatu, hajaingia hata mmoja.*
Umesema "nimetundika". Inayumba? Kaza kwa waya isicheze. Kagua pia kama ilikuwa mibichi ulipokata, na kama tundu si pana mno.

*Shikamoo mwalimu. Nina mizinga minne ya nyuki wa asali, haitoshi?*
Marahaba. Kwa alizeti, vizuri sana. Kwa pasheni ya njano wanaweza hata kukumalizia chavua kabla seremala hajafika.

*Na mipapai je? Seremala anasaidia?*
Papai lina mgeni mwingine kabisa. Kule Kenya, mtafiti Dino Martins alionyesha kuwa wachavushaji wake wakuu ni nondo wakubwa wenye mrija mrefu, wanaoruka jua likizama wakielea mbele ya ua, na huwa wengi zaidi shamba likiwa karibu na kichaka. Kwa hiyo acha kichaka, acha na dume mmoja mmoja wa mpapai. Najua mkono unawasha kumkata kwa sababu hazai.