Silinda ya kijiko cha trekta inavuja? Jua kilichoua sili kabla ya kununua nyingine

Sili, yaani mpira unaozuia oili isipenye kwenye silinda, ikiwa mpya na ikaanza kuvuja wiki mbili baada ya kufungwa, mara nyingi kosa si lake. Rodi (chuma cha duara kinachoingia na kutoka kwenye silinda) imepinda, kromu iliyoipaka imechubuka au kifuniko cha mdomo wa silinda kimelika upande mmoja, na kile kilichoua sili ya kwanza kimeachwa humo humo kiiue na ya pili. Kubadilisha mpira ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Sehemu ngumu ni kutafuta chanzo.

Kijiko cha mbele cha trekta ya shamba, kile kinachopakia samadi, silaji au mchanga, kwa kawaida kina silinda mbili za kunyanyua mikono na moja au mbili za kugeuza ndoo. Kwenye matrekta mengi presha yake hufika bar 150 hadi 200. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, laza ndoo chini, zima injini, kisha sukuma liva kila upande mara kadhaa ili presha iliyobaki iishe. Usiingie chini ya mikono iliyoinuliwa na kushikiliwa na oili peke yake. Usipapase hozi kwa kidole kutafuta tundu. Pitisha kipande cha boksi la karatasi ngumu. Oili yenye presha ikipenya ngozi huacha alama ndogo kama ya sindano, isiyouma sana mwanzoni, lakini ni dharura ya upasuaji. Mtu apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asisubiri mkono uvimbe.

Oili inatokea wapi?

Osha silinda, ikaushe, fanyisha kijiko kazi mara kumi hivi, kisha zima injini na uangalie. Oili ikitoka pale rodi inapoingilia, sili ya rodi imechoka. Ikitoka kwenye mzunguko wa nje wa kifuniko, ni oringi ya kifuniko, yaani pete yake ya mpira. Ikitoka kwenye nati ya hozi, shughulikia hozi na uache silinda ilivyo. Unyevu mwembamba wa oili juu ya rodi ni wa kawaida, ndio unaoilainishia sili. Matone si ya kawaida.

Uvujaji wa ndani hauonekani, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mikono ikishuka yenyewe huku nje hakuna hata tone, watu hukimbilia kufungua silinda za kunyanyua. Lakini fikiria oili inavyokwenda. Uzito wa mikono unaisukuma rodi iingie ndani. Sili ya pistoni, kile kichwa kilicho mwisho wa rodi ndani ya silinda, ikiwa mbovu, oili ya chini ya pistoni hupenya kwenda upande wa rodi, ila upande huo hauwezi kuipokea yote kwa sababu rodi yenyewe imekalia sehemu ya nafasi. Rodi haitaingia kwa kiasi kikubwa mpaka oili itoke kabisa nje ya silinda, na njia yake ni valvu ya kuongozea, ile inayosukumwa na liva. Kwa hiyo mikono inayoshuka polepole ni sababu ya kuishuku valvu kwanza.

Ndoo ni habari nyingine. Kwenye vijiko vingi vya shamba rodi hutoka nje ndoo inapomwaga, kwa hiyo uzito wa ndoo huvuta rodi badala ya kuisukuma. Hapo sili mbovu ya pistoni inatosha kuifanya ndoo ijimwage yenyewe. Kwa kuhakikisha, mwaga ndoo hadi rodi itoke yote, ilaze chini, zima injini na utoe presha. Fungua hozi ya upande wa rodi, ziba mdomo wa hozi hiyo kwa plagi ya chuma, na uache tundu la silinda wazi likielekea kwenye chombo. Kamwe usizibe tundu la silinda. Watu wakae mbali, washa injini mwendo wa chini, kisha sukuma liva taratibu kama unayemwaga tena. Oili kidogo iliyobaki itatoka na kukoma. Ikiendelea kutiririka, sili ya pistoni inapitisha oili.

Kufungua

Tia alama kwenye hozi, ziba midomo yote, toa pini na uishushe silinda. Ibane kwenye jiliwa kwa jicho lake la chini. Ukibana bomba la silinda utalibonyeza, na bomba lililobonyea halina dawa. Vifuniko vina namna tatu za kawaida: cha nyuzi (meno ya skrubu), kinachofunguliwa kwa spana ya ndoano au ya pini, cha pete ya sakalipu, ambacho husukumwa ndani kidogo ili pete itoke, na cha waya, ambacho huzungushwa mpaka ncha ya waya ijitokeze kwenye tundu na kutoka yote. Ukikipiga kifuniko cha waya nyundo bila kujua kwamba kina waya, utaharibu kila kitu. Wala usitumie hewa ya kompresa kukitoa: rodi huruka kama risasi.

Nati ya pistoni huwa imekazwa kwa nguvu kubwa na mara nyingi ina gundi ya nyuzi. Kata sili za zamani kwanza, kisha ipashe nati moto kidogo.

Sasa chunguza. Viringisha rodi juu ya bamba lililonyooka: mwanga ukipita chini yake katikati, imepinda. Rodi hupinda mtu anapoparura ardhi kwa ndoo iliyomwagwa hadi mwisho, au anaposukuma mzigo kwa pembe moja ya ndoo. Pitisha ukucha juu ya kromu. Ukinasa kwenye mkwaruzo, sili mpya haitadumu. Mkwaruzo mdogo hulainishwa kwa msasa laini wa namba 400 hadi 600, ukizungushwa kuifuata duara ya rodi, usivutwe kwa urefu. Kutu iliyochimba mashimo inahitaji rodi mpya, na mkerezaji mzuri huitengeneza kwa chuma kilichokwisha kupakwa kromu ngumu. Angalia pia pini za kijiko na busi zake, yaani bomba fupi ambamo pini huzunguka. Zikiwa zimelegea, rodi huvutwa kwa upande kila siku.

Sili sahihi

Usipeleke dukani sili iliyokwisha kutanuka ukaitegemea kama kipimo. Pima kwa venia (kipimo cha milimita chenye taya) kipenyo cha rodi, kipenyo cha mfereji ambamo sili hukaa na kimo cha mfereji huo. Sili iliyoandikwa 40 x 50 x 10 ina maana ya rodi ya mm 40, mfereji wa mm 50 na kimo cha mm 10. Vijiko vya zamani vya Uingereza na Marekani vingi ni vya inchi: rodi ya inchi moja na nusu ni mm 38.1, ya inchi moja na robo tatu ni mm 44.45. Sili ya 45 itaingia kwenye rodi hiyo ya pili, nawe utaona imekaa, lakini itavuja. Nunua za silinda zote mbili za jozi. Zimefanya kazi saa zile zile.

Osha vipande kwa dizeli safi na ukaushe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Mdomo wa sili ya rodi huelekea ndani, kwenye oili. Mdomo wa kifuta vumbi, ile pete ya nje inayopangusa rodi, huelekea nje. Kugeuza hivi viwili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Ikunje sili kama punje ya haragwe iingie mfereji wake, na isaidie kwa kijiti laini badala ya bisibisi. Sili ngumu za pistoni huloweshwa kwanza kwenye maji ya moto ili zitanuke.

Paka oili ya haidroliki kila mahali. Funika nyuzi za rodi kwa utepe, ingiza kifuniko, ndipo pistoni na nati, ukaze kwa kipimo cha kitabu cha mashine. Pistoni inapoingia bombani, nyuzi za mdomo na ukingo wa tundu la hozi hukata sili kama wembe. Zifunike kwa ukanda wa plastiki na usukume polepole.

Tumia oili iliyotajwa kwenye kitabu cha trekta. Oili ya breki huharibu sili hizi. Baada ya kufunga, inua na kushusha bila mzigo mara tano au sita, taratibu, bila kugonga mwisho: hewa iliyobanwa ghafla pamoja na oili huweza kuwaka ndani na kuunguza sili. Pima oili rodi zikiwa zimeingia, kwani ukijaza zikiwa nje itafurika zikirudi. Kagua tena baada ya saa kumi za kazi, na kila jioni egesha kijiko kikiwa chini, rodi zikiwa ndani kadiri inavyowezekana, ili umande na samadi visipate kromu ya kula.