Kadi ya grafiki inachemka? Pima kwanza kabla ununue kipoza joto kingine

Kabla utoe hata shilingi, fungua kesi ya kompyuta uangalie ndani. Nairobi hatuna joto ya Mombasa lakini vumbi tunayo ya kutosha, alafu tuko juu karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi, so feni ikizunguka spidi ileile inabeba joto kidogo kuliko ingebeba huko chini pwani. Piga vumbi, badilisha themo pesti, ile krimu inapitisha joto kutoka chipu hadi kipoza, cheza gemu nusu saa ukiangalia HWiNFO, programu ya kuonyesha joto. Kadi za mtumba nyingi unapata pesti imekauka mpaka inatoka kama unga. Joto ikishuka hapo umemalizana, enda ukule chapo.

Kama bado inachemka ama inanguruma kama mashine ya posho, sasa tuongee.

Anza na mashimo. Zile skrubu nne zinazozunguka chipu, chukua rula upime kutoka katikati ya shimo moja hadi katikati ya jirani yake, upande kwa upande, sio kona kwa kona. Saizi unazokutana nazo sana ni kama milimita 53.3 na 58.4. Mimi niliona tangazo limeandikwa "inaingia kadi zote" nikaamini kama mtoto, kufika home skrubu ya kwanza ikaingia, ya pili ikagoma kwa hizo milimita tano, na muuzaji simu hashiki tena.

Alafu unene. Sloti moja, yaani nafasi ya kadi moja kwa mazabodi, ni kama milimita 20, na feni ya kawaida ni milimita 25, yaani feni peke yake imeshapita sloti moja kabla hujahesabu mabati ya kupoza. Kipoza kama Raijintek Morpheus kinakuja bila feni, unaongeza zako mbili za milimita 120, so hesabu sloti tatu kupanda juu, na kama chini ya hapo umeweka kadi ingine, sahau.

Sasa hapa ndio watu wengi huchomea kadi. Kipoza joto cha kampuni hakipozi chipu pekee, kinagusa pia memori na zile sehemu za kugawa umeme. Ukikitoa uweke kingine kinachogusa chipu tu, utaona digrii 60 kwa skrini ufurahie, kumbe memori inaungua pole pole. Kadi ya RTX 3080 kwa mfano, memori yake inaanza kujipunguza spidi ikifika digrii 110, na hiyo namba inasomwa kivyake, usiangalie ya chipu peke yake. So uliza kama kuna vibati vidogo vya memori ndani ya boksi, na ukinunua themo pedi, vile vipande laini vya kupitisha joto kutoka memori, pima unene wa zile za zamani, kwa sababu pedi ya milimita 2 mahali pa 1 inainua kila kitu na chipu inabaki haijagusana vizuri. Wale wa kupoza kadi na maji, bano la kushikia kipoza cha maji kama NZXT Kraken G12 liko na kafeni ka milimita 92 ka kupulizia hizo sehemu za umeme, usikaache kwa boksi.

Kwa maoni yangu lakini, kama kadi yako ni ya wati 150 ama 180, achana na hizo zote. Toa feni za zamani na plastiki yake, bakisha mabati, fungia feni mbili za 120 na zile kamba za plastiki za kufungia waya, uchomeke kwa mazabodi. Haipendezi macho, ni ya bei ya chini, na usiku huisikii. Shida moja tu ni mazabodi inafuata joto ya CPU, prosesa ya kompyuta, so weka programu ya FanControl ifuate ya GPU, ile chipu ya kadi.

Na kadi ikianza kuinama juu ya uzito, iegemeze. Yangu imesimamia kipande cha kalamu ya Bic nilichokata na kisu, mwaka wa pili huu.