Betri za lori: zimekufa kweli au zimesingiziwa?

Wakuu, habari za kazi.

Kila ikifika Juni na Julai napokea wagonjwa wa aina moja. Lori limetoka Dar likiwaka kwa kuguswa tu, limelala Makambako, alfajiri dereva anapiga stata inamjibu "tiki, tiki", basi. Anaapa kwamba jana betri zilikuwa nzima. Hazikuwa nzima. Joto la Dar na Morogoro lilishazila pleti (vibao vya risasi vya ndani) na kukausha maji miezi mingi nyuma, baridi ya Makambako imekuja kutangaza msiba tu. Alfajiri ile oili ni nzito, stata inadai nguvu nyingi, na betri yenyewe kwenye baridi inatoa pungufu.

Lakini pia naletewa betri kama maiti, nikiipima naikuta inapumua. Mwenye mali alishatoa hela ya mpya, na tatizo bado liko palepale kwenye gari. Kwa hiyo kabla hujahukumu, fuata mpango huu. Unahitaji mita ya kawaida ya digitali, haidrometa (kipimo cha uzito wa maji ya betri) kama betri zako zina vifuniko, spana namba 13, brashi ya waya, na utingo wa kukaa kwenye usukani. Sigara weka mbali, betri inatoa gesi inayolipuka.

Hatua ya 1: Umri. Tafuta tarehe kwenye betri au kwenye risiti. Mimi betri ikiingia mwaka wa tatu naanza kuipima kila sevisi. Umri peke yake haunifanyi niitupe. Ila ikifa kabla ya miaka miwili, namtafuta muuaji kwanza, maana na mpya atamuua.

Hatua ya 2: Macho na mikono. Tumbo limevimba, kasha lina ufa, maji yanavuja: hiyo imekwisha, usiendelee kupima. Kama haina hayo, fungua terminali (vibano vya nyaya) ukianza na hasi (kurudisha, hasi iwe ya mwisho), sugua mpaka risasi ing'ae, kaza. Tikisa betri kwenye kitanda chake. Ikicheza, barabara inaipiga ngumi kutwa nzima, unga wa pleti unadondoka chini, na ukijaa, seli (chumba kimoja cha betri) inapiga shoti.

Hatua ya 3: Pima ikiwa imepumzika. Zichaji zijae, ziache zilale usiku mzima, asubuhi pima kabla hujagusa swichi. Lori la volti 24 lina betri mbili za 12 zilizofuatana, na hapa ndipo wengi wanakosea: wanapima zote kwa pamoja, wanaona 25, wanaridhika. Pima MOJA MOJA. Iliyojaa inasoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.4 ina kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Betri iliyochajiwa ikajaa halafu ikalala na kuamka na 12.1 inajila yenyewe ndani.

Hatua ya 4: Haidrometa. Chovya seli zote sita, andika. Zilizojaa husoma karibu 1.250 hadi 1.280. Namba ya seli moja isikutishe, tazama tofauti. Tano zikisoma 1.260 na moja 1.190, hiyo moja imeshaondoka na itawavuta wenzake.

Hatua ya 5: Ibebeshe mzigo. Hii ndiyo hatua yenyewe, hizo nyingine ni maandalizi. Betri mbovu inaweza kukuonyesha 12.6 ikiwa imelala, kama mtu anayejisifu ana nguvu hajabebeshwa gunia. Kwa injini ya zamani, vuta stopu isiwake. Bana mita kwenye vichwa vya betri ya kwanza, utingo apige stata sekunde 10, wewe usiondoe macho kwenye namba. Pumzisha stata dakika moja, hamia betri ya pili. Kwa malori ya kisasa ya umeme mwingi, soma namba palepale linapowaka asubuhi.

Ikibaki juu ya 10, mwachie afanye kazi. Ikishuka chini ya 9.6 wakati ilikuwa imejaa, ndiyo hiyo. Zikishuka zote kwa pamoja na stata inanguruma kwa shida, shuku pia stata na nyaya. Weka ncha moja ya mita juu ya kichwa cha betri na nyingine juu ya terminali iliyokibana, piga stata. Ukiona nusu volti au zaidi, umeme unapotelea hapo, na hakuna betri ya dukani itakayokusaidia.

Hatua ya 6: Chaji. Injini ikiwa inazunguka, taa zimewashwa, betri mbili kwa pamoja zisome 27.6 hadi 28.8. Ikiwa chini ya 27, angalia mkanda na alteneta. Ikipita 29, regyuleta, kile kidhibiti cha chaji, inazichemsha.

Ikifeli hatua ya 5 baada ya kuchajiwa vizuri, badilisha, hata kama leo lori limewaka. Usisubiri likuzimikie mlima Kitonga.

MASWALI

Utingo Mstaafu: Shikamoo fundi. Moja ikifa na nyingine nzima, si ninunue moja tu?

Marahaba. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Mteja alilia hali ngumu, nikamfungia mpya moja kando ya ya zamani. Miezi michache akarudi nayo imechoka. Umeme unaopita ni uleule kwa zote mbili: ya zamani inajaa haraka na kuchemka, mpya haijashiba, au kinyume chake. Badilisha zote, ukubwa mmoja, tarehe moja. Ile iliyobaki hai tumia kwenye taa za nyumbani.

Mama Malori: Mimi nina gari tatu, madereva wanaongeza asidi betri ikipungua maji. Ni sawa?

Si sawa dada. Kinachopungua ni maji, asidi inabaki. Waambie waongeze maji safi ya betri tu, yafunike pleti, na wasijaze mpaka shingoni. Kwenye joto waangalie kila wiki mbili. Pleti iliyokaa wazi ikikauka hairudi.

Foleni Tunduma: Tunakaa mpakani siku nyingi, redio, taa ya kebini, chaji ya simu. Betri zinaisha kila safari, nikibusti zinawaka.

Kuziacha tupu ndiko kunakoua. Pleti zinaota chumvi nyeupe ngumu na kila mara unapoteza kiasi. Washa injini kila siku, siyo dakika tano, iache angalau saa moja. Ukiegesha kabisa, zima swichi kuu.

Kichwa Kimoja: Betri zangu hazina vifuniko, zina kijicho cha kijani. Kikiwa kijani nzima?

Kijicho kinachungulia seli moja tu, nyingine tano huzioni. Fanya hatua ya 3 na ya 5.

Chalinze Usiku: Mkuu nimefuata somo lako leo asubuhi. Zimelala, ya nje 12.7, ya ndani 12.4. Kwenye stata ya nje 10.8, ya ndani 8.3. Zina mwaka na miezi minne. Ya nje naijaza maji kila mara, ya ndani haipungui hata kidogo.

Pole kaka. Ya ndani imekwisha. Sasa kabla hujaenda dukani, niambie: waya wa redio umechukuliwa kwenye betri ipi?

Chalinze Usiku: Ya ndani. Umejuaje?

Redio ya volti 12 ikinyonya betri moja, hiyo haijai kamwe, na mwenzake anachajiwa kupita kiasi mpaka anakausha maji. Nunua konvata ya 24 kwenda 12, hamishia redio huko, halafu ndiyo ufunge betri mpya mbili. Na zile za zamani usimwage asidi mtaroni, wauzie wanunuzi wa betri mbovu bila kuzifungua, wanapima kwa kilo.